Mpira wa Nje ya Uzio

Tuanze na ukweli mmoja ili tusije tukagombana baadaye: Fransiska hakuujua mpira. Aliishi miaka ishirini na saba na mwanamume aliyeupenda mpira kuliko usingizi, na kwa miaka yote hiyo alichojifunza ni kwamba mpira ukiisha wanaume wanasikia njaa. Mumewe, Festo, ndiye aliyenunua tivii. Alipeleka ndama wawili mnadani Dongobesh, akarudi na tivii, betri, paneli ya sola, na fundi Ayubu kwenye pikipiki nyingine nyuma yake amekumbatia dishi. Tangu siku hiyo ua wao pale Maretadu ukawa wa kijiji kizima. Timu yoyote ikicheza, watu wamejaa, na Fransiska yuko jikoni na sufuria kubwa ya chai, ananung'unika kwamba hawa watu hawana kwao.

Laiti angejua, asingenung'unika.

Mwezi wa pili mwaka huu mama mkwe wake alifariki. Alikuwa mzee sana, watu walilia kwa kiasi. Wiki tatu baadaye Festo akaamka na kifua kinambana, akapelekwa hospitali, akarudishwa amefunikwa shuka. Misiba miwili, nyumba moja, mwezi haujaisha. Kwenye mazishi watu walikuwa wengi mpaka wakakanyaga maharage machanga ya jirani, padri alisema vizuri, kwaya iliimba. Kisha udongo wa kaburi ulipoanza kukauka, Bibi Hilda akasema neno lake.

Bibi Hilda ndiye mkubwa wa kitongoji kile. Ana miaka themanini na kitu, hicho kitu hakuna anayekijua, na ni mwembamba, ameshika fimbo, haongei hovyo. Alisema, "Nyumba ile ipumzike mpaka mwaka uishe." Basi. Hakuongeza lingine, wala hakuna aliyemuuliza maana yake, kwa sababu kila Mwiraqw aliyefika umri wa kuoa anaijua. Nyumba iliyoguswa vibaya na kifo haiingiliwi. Wenyewe nao hawaingii kwa watu. Moto hauombwi, chungu hakiazimwi, kazi ya shambani hakuna wa kuja kukusaidia. Siku hizi mwiko huo umelegea, vijana wa Dongobesh wanaucheka, na padri ameshausema kwenye mahubiri zaidi ya mara moja. Lakini misiba miwili kwa mwezi ni misiba miwili kwa mwezi. Watu waliogopa. Walimpenda Fransiska na wakamwogopa hapohapo, na mtu ukiwa peke yako ndani ya uzio, upendo wa namna hiyo huuoni.

Kanisani walimpa mkono wa amani, nje ya kanisa wakampa mgongo. Akipita njiani walimsalimia vizuri kabisa, "Habari za asubuhi, Mama Judica," kutoka ng'ambo ya barabara. Nyumbani kwake hakuna aliyekanyaga. Fundi Ayubu alikuja mara moja kukaza dishi lililopigwa na upepo, akanywa chai, akaondoka. Yeye ni mtu wa biashara na ni Mwislamu, watu wake walitoka mbali, mwiko wetu haumhusu. Kwa hiyo hata kuja kwake hakukuhesabika.

Judica, mtoto wake wa pekee, ameolewa Katesh. Alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili wimbo ulikuwa mmoja.

"Mama, njoo ukae na sisi. Chumba kipo. Hapo unakaa na nani?"

"Nakaa na ng'ombe."

"Ng'ombe wanaongea?"

Fransiska alicheka kwenye simu na baada ya kukata alikaa kitandani akalia, maana kweli ng'ombe hawaongei, na yeye alikuwa ameanza kuongea nao. Mwishowe akampa mtoto wake ahadi. Acha nivune maharage, alisema. Maharage yakiingia kwenye magunia na hajapatikana mtu hata mmoja wa kuvuka lango langu, njoo na gari unichukue, nyumba tufunge. Alisema hivyo akijua kabisa kwamba kuifunga nyumba ile kungekuwa kumzika Festo mara ya pili. Lakini mtu hawezi kukaa kwenye kimya namna ile mwaka mzima. Yeye alikuwa ameshakaa miezi mitano, na alikuwa amechoka.

Ndipo wasichana wakaanza kushinda.

Ninasema timu ya taifa ya wanawake, iliyokwenda kwenye mashindano ya Afrika mwezi wa saba. Hakuna aliyeitegemea. Siku ya mechi ya kwanza Fransiska alikuwa uani, amekaa juu ya turubai, anapura maharage peke yake kwa fimbo. Kazi ile kwa kawaida ni ya watu kumi na nyimbo juu yake. Saa kumi jioni akachoka mikono, akaingia ndani, akawasha tivii kwa ajili ya kusikia sauti ya binadamu tu. Akakuta bendera, akakuta wimbo wa taifa. Akaongeza sauti mpaka mwisho, kama Festo alivyokuwa akifanya, akafungua na dirisha.

Barabarani alikuwa anapita Agustino. Huyu ni jirani, dereva wa bodaboda, na alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu. Ndiye aliyekuwa akikaa kiti cha mbele siku zote na kumtukana refa. Alisikia sauti ya mtangazaji, akakata moto wa pikipiki pale pale. Akasimama nje ya uzio wa minyaa, mkono mmoja kwenye usukani.

"Mama Judica! Ngapi ngapi?"

Fransiska alitoka mbio mlangoni. Miezi mitano hakuna aliyemuuliza kitu kinachohitaji jibu.

"Bado! Subiri nikuangalizie!"

Akarudi ndani, akakaa chini mbele ya kioo, macho kodo. Dakika ya thelathini na kitu msichana mmoja mfupi akapiga, nyavu zikatikisika. Akatoka: "Moja!" Akaingia. Loo, limeingia tena! Akatoka: "Mbili!" Akaingia, akakuta lingine. "Tatu!" Nje walikuwa wameshafika watu sita, wakarukaruka barabarani, Agustino akapiga honi, mwanamke mmoja akapiga vigelegele na kuni zake kichwani. Bao tatu ndani ya dakika moja, hawa wasichana ni moto.

Jioni ile Agustino alikwenda Dongobesh kijiweni akatangaza tatu bila. Wenzake walimcheka mpaka wakamshikilia bega. Asubuhi alikuwa nje ya uzio tena, amekasirika kidogo.

"Mama Judica, bao lilikuwa moja."

"Yaliingia matatu. Nimeyaona kwa macho yangu."

"Yale mawili ni marudio! Wanarudisha hilo hilo uone lilivyoingia."

Fransiska alifikiri. "Sasa wanarudisha la nini, wakati tumeshaona?"

Agustino alitaka kueleza, akashindwa, akaanza kucheka. Akaegemea pikipiki akacheka, na yeye Fransiska akacheka upande wake, ameshika kiuno. Festo angecheka zaidi ya wote wawili. Hilo hawakulisema, ila wote walilifikiria, na kicheko kikaisha taratibu.

"Mechi ya pili ni Jumamosi," Agustino alisema. "Kukuamini wewe siwezi tena, samahani. Lakini hebu niambie, hiyo tivii haiwezi kusogea mlangoni?"

Habari ilimfikia Bibi Hilda kabla ya jua kuchwa. Alikuja mwenyewe, polepole, akasimama barabarani. Fransiska akamwamkia kutoka ndani ya uzio, "Shikamoo bibi." Akajibiwa, "Marahaba." Bibi akapima kwa macho umbali wa kutoka lango mpaka mlangoni. Agustino alikuwa ameandaa hoja zake kama wakili: kwamba mwiko unahusu mguu, hauhusu jicho, kwamba hakuna atakayeingia wala kugusa kitu, kwamba ni timu ya taifa.

"Barabara ni ya serikali," Bibi Hilda alisema. "Mtu akisimama barabarani mimi sina neno naye." Akageuka kwenda. Kisha akarudi nusu. "Ni wasichana kweli wanaocheza?"

"Wasichana, bibi," Agustino alisema.

"Wameolewa?"

"Sijui, bibi."

Akaguna, akaenda zake.

Jumamosi Fransiska aliitoa meza ya sebuleni, akaiweka chini ya upenu, akapandisha tivii juu yake na kuigeuzia barabarani. Watu wakaja na vigoda, na mablanketi kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba, wakapanga mstari nje ya minyaa, Bibi Hilda mwishoni na fimbo yake. Agustino alikata matawi machache ili watoto waone. Mbili kwa moja, tukashinda. Jumanne, moja bila, tukashinda tena, tukaongoza kundi. Robo fainali, mbili bila, dhidi ya nchi ambayo jina lake Fransiska hakulishika ila alijua watu wake ni wa mbali na ni wakubwa wa miili. Sasa barabara ilikuwa imeziba. Gari la kubeba mazao lilipita siku ile, dereva akapiga honi, akaambiwa asubiri mpira uishe, akashuka na yeye akatazama.

Fransiska alikuwa amekaa peke yake ndani ya ua, kiti kimoja, watu wote mbele yake ng'ambo ya uzio. Nusu ya muda hakutazama mpira. Alitazama nyuso. Alijua sasa nani anafumba macho kona ikipigwa na nani anang'ata blanketi. Alizitamani nyuso zile jamani, zilikuwa hatua kumi na tano tu, na mara mbili neno "karibuni" lilimfika mdomoni akalimeza. Filimbi ya mwisho ikilia walimpungia mkono, wakachukua vigoda vyao, wakaenda. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kabla ya mashindano ua ulikuwa kimya siku nzima akazoea. Sasa ulikuwa unajaa sauti saa mbili halafu unazimwa.

Na maharage yalikuwa yanaisha. Alipura, akapepeta, akajaza gunia la tatu, la nne. Jumanne ya kabla ya nusu fainali alishona gunia la mwisho kwa uzi wa katani. Jioni ile Judica hakungoja Jumapili, akapiga simu, na mama yake hakumdanganya.

"Nimemaliza, mwanangu."

"Kuna mtu amevuka lango?"

"Hapana."

"Basi Jumapili nakuja na gari. Usikatae tena, mama."

"Sikatai," Fransiska alisema, na alipoweka simu chini alianza kukunja nguo za Festo.

Nusu fainali ilikuwa kesho yake, Jumatano, saa kumi. Mtu anayeijua milima ya Mbulu anajua ukungu wa mwezi wa saba unavyokuja: hauulizi. Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri, bila bila. Kipindi cha pili ukashuka kutoka upande wa msitu, mweupe, mzito, ukaja ukajaza ua. Dakika ya sabini, watu wa barabarani walikuwa hawaoni kitu, ila mwanga tu unaocheza chini ya upenu. Dakika tisini zikaisha bila bila. Za nyongeza nazo zikaisha hivyo hivyo. Penalti, na mtangazaji hasikiki kwa kelele za watu.

"Mama Judica!" Agustino alipiga kelele kutoka kwenye ukungu. "Itabidi ututangazie! Na usihesabu marudio!"

Fransiska akasogeza kiti mpaka karibu na kioo.

"Anaweka mpira! Anarudi nyuma! Anakimbia! Ameingiza!"

"Nani? Wetu au wao?"

Hapo akachanganyikiwa. Wetu walikuwa wamevaa rangi gani leo? Siku nyingine bluu, leo aliona njano na aliona nyeupe. "Mwenye njano!"

"Sisi ni njano au nyeupe?"

"Mimi nitajuaje? Nyie ndio mlioanza kutazama na macho mazuri!"

Barabarani kukawa na vurugu, maana kutoka kule njano na nyeupe zilikuwa zimefanana mechi nzima, huyu anasema njano, yule anaapa ni nyeupe, Agustino amepanda juu ya pikipiki na bado haoni. Na katika kelele ile kukasikika sauti moja kavu, ya chini, na wote wakanyamaza kuisikiliza.

"Huyu mwanamke atatuua kwa moyo. Nipisheni."

Kisha miti ya lango ikasikika inavutwa. Mti wa juu, mti wa chini. Fransiska aligeuka akaona fimbo kwanza, halafu blanketi jekundu, halafu Bibi Hilda mwenyewe anatoka kwenye ukungu, anatembea katikati ya ua, hatua kwa hatua, mpaka chini ya upenu. Akainama karibu agonge kioo kwa pua.

"Sisi ni njano," akatangaza. "Yule mfupi namjua, nimemwona tangu Jumamosi ile. Yuko huku kwenye njano."

Nyuma yake walikuja wote. Hakuna aliyefikiri. Bibi ameingia, nani atabaki nje? Agustino mbele, wanawake na watoto, na hata yule dereva wa gari la mazao ambaye sasa alikuwa haachi mechi. Walijaa uani, wengine juu ya magunia ya maharage, wengine mlangoni, bega kwa bega na Fransiska katikati yao. Wakapiga, tukapiga. Wakakosa moja. Ikafika ya mwisho, ya kwetu, na akaiendea yule yule mfupi. Golikipa akaruka kulia, mpira ukaenda kushoto.

Sitaeleza kelele iliyopigwa. Ng'ombe walikata kamba. Fransiska alikumbatiwa na watu asiowajua ni nani, akanyanyuliwa, akawekwa chini, na katikati ya hayo simu yake ikaita mfukoni mwa koti. Judica.

"Mama, tumeingia fainali! Mama? Hizo kelele za nini, uko wapi?"

"Niko nyumbani."

"Nyumbani na nani?"

Aliuliza kwa sauti kubwa, na simu ile ni ya zile zinazosikika na jirani. Agustino akasikia. Aliyekuwa karibu naye akasikia. Mmoja mmoja wakaangalia chini, miguu yao ilipokuwa, na kelele ikafa. Mwanamke mmoja akamshika mtoto wake mkono akaanza kurudi nyuma kuelekea langoni. Wengine wakamfuata kwa macho. Fransiska alisimama na simu mkononi, hakuthubutu kusema neno, maana alijua akisema watatoka haraka zaidi.

"Kaeni," Bibi Hilda alisema.

Yeye alikuwa ameshakaa, kwenye kiti cha Fransiska, fimbo kati ya magoti. Hakumwangalia mtu. "Nimeingia mimi kwanza. Kama kuna baya, lianze na mimi, sina mengi ya kulipa." "Mimi nilikaa miaka miwili. Nilikuwa kijana kuliko huyu, nina mtoto mmoja wa kiume, akafa kwa surua. Wazee wakasema nyumba ipumzike. Miaka miwili hakuna aliyesimama hata barabarani kuniuliza kitu. Nilipotolewa nikasema vizuri, ndivyo ilivyo, na mimi nimeyaweza. Sasa mwaka huu ikaja zamu ya huyu. Nikaona nikimwachia mapema, miaka yangu miwili ilikuwa ya nini?"

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka chini ya upenu. Fransiska alikuwa na hasira na bibi huyu, tusidanganyane; miezi mitano alikuwa ameilea. Aliitafuta hapo akaikuta imepungua sana. Alimwona mwanamke aliyefiwa, amekaa kwenye kiti, na kila mtu amesimama tu. Akapiga magoti kwenye udongo mbele yake, kama inavyofanywa msibani.

"Pole, bibi. Mtoto alikuwa anaitwa nani?"

Bibi Hilda alitazama pembeni, kwenye tivii, ambako walikuwa wanarudisha ile penalti.

"Lameck," alisema. "Alikuwa anaitwa Lameck. Hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Agustino akavua kofia. Akaja akamshika bibi mkono, "Pole, bibi," kisha akageuka akamshika Fransiska mkono, "Pole na wewe, mama. Pole kwa Festo." Na nyuma yake wakajipanga wengine kusema pole, wote, dereva wa gari la mazao akiwa wa mwisho, na waliomaliza hawakwenda langoni. Walitafuta pa kukaa.

Simu ilikuwa bado haijakatwa. Fransiska akaiweka sikioni, akakuta mtoto wake analia.

"Judica," alisema, "hiyo gari ya Jumapili iache. Njoo wewe na mume wako, mje kwenye fainali. Na sasa nikate, mwanangu, nina wageni."